George Washington Carver, mwalimu aliyeuliza udongo kabla ya kupanda

Watu wengi wanamjua George Washington Carver juu ya karanga. Wengine wanasema hata kwamba ni yeye alivumbua siagi ya karanga. Si kweli, siagi hiyo ilikuwa inatengenezwa tayari mbele yake. Kazi yake kubwa ilikuwa ingine. Kwa miaka zaidi ya 40, kule kusini mwa Marekani, alisaidia wakulima wasiokuwa na pesa, wenye mashamba yaliyochoka, kujua wapande nini, wapande wapi, na kwa gharama gani.

Siku hizi wataalamu wanaita mambo kama hayo vyombo vya kumsaidia mkulima kuamua. Mara nyingi ni programu ndani ya simu: unaandika mahali shamba liko, unaandika unataka kulima nini, nayo inakujibu mbolea gani na kilo ngapi. Carver hakuwa na simu. Alikuwa na vipande vya shamba, mizani, vijitabu, na gari la kukokotwa na nyumbu, yule mnyama anayezaliwa na punda na farasi. Lakini maswali aliyokuwa anayauliza ndiyo yaleyale mkulima wa milima yetu anajiuliza kila mwaka kabla ya mvua ya mwezi wa tisa.

Mtoto wa utumwa

Carver alizaliwa mtumwa, karibu na Diamond, katika jimbo la Missouri, mnamo mwaka 1864 au 1865. Tarehe kamili haijulikani, juu watoto wa watumwa hawakuwa wanaandikwa vizuri. Bwana wa mama yake, Mary, aliitwa Moses Carver, na ndiko jina la ukoo lilitokea. Baba yake hakumjua.

Alipokuwa bado mtoto mchanga, wanyang'anyi waliingia usiku, wakamchukua yeye pamoja na mama yake, wakawapeleka upande wa Arkansas. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeacha vikundi vya watu wenye silaha kila mahali, na mtu mweusi alikuwa mali ya kuuza. Moses Carver alituma mtu kuwafuata. Mtoto alipatikana akiwa mgonjwa sana. Huyo mtu alilipwa farasi. Mama hakuonekana tena.

Utumwa ulipoisha, Moses na mke wake Susan walilea George na kaka yake James. George alikuwa na mwili dhaifu, hakuweza kazi nzito ya shamba. Kwa hiyo alibaki na mama Susan: kufua, kupika, kushona, na kutunza bustani. Alikuwa anapenda kuingia porini kukusanya mimea, anaipanda upya, anaangalia ni ipi inakauka na ni ipi inakubali. Majirani walianza kumletea maua na miti iliyougua. Akiwa bado mtoto, watu walimwita daktari wa mimea.

Shule ya pale karibu haikupokea watoto weusi. Alipokuwa kijana mdogo alikwenda kwa miguu mpaka Neosho, ambako familia moja ya watu weusi ilimpokea, akawa anafanya kazi za nyumbani na kusoma. Toka pale ni safari mtindo mmoja: mji mpya, kufulia watu nguo, kusoma kidogo, kuhama. Huko Fort Scott, katika Kansas, mwaka 1879 aliona kundi la wazungu likimuua mtu mweusi bila hukumu. Alikimbia mji usiku ule. Baadaye chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, lakini alipofika mlangoni na wakaona rangi yake, wakamkataa.

Alilima shamba lake mwenyewe kwa muda katika nyika ya Kansas, udongo mkavu, upepo, na nyumba ya kujengwa kwa matofali ya majani na udongo. Mwaka 1890 aliingia chuo cha Simpson, katika Iowa, kusomea uchoraji na piano. Mwalimu wake wa uchoraji aliona namna alivyochora mimea, akamshauri aende kusoma kilimo kule Ames. Mwaka 1891 akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi wa chuo kile cha kilimo cha Iowa. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894, na ya pili mwaka 1896. Magonjwa ya mimea yanayoletwa na kuvu ndiyo yalikuwa ujuzi wake.

Alabama, udongo uliochoka

Mwaka uleule wa 1896, Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama, alimwita kuongoza idara ya kilimo. Tuskegee kilikuwa chuo cha watu weusi, kilichoanzishwa mwaka 1881. Hapa wakaaji wa Congo wajue jambo moja: huyu Washington alikuwa kati ya watu weusi wa Marekani waliopaza sauti juu ya ukatili wa utawala wa Leopold wa pili huku kwetu. Mwaka 1904 makala yake juu ya mateso ya Congo ilitoka katika jarida moja la Marekani.

Carver alipofika Tuskegee, mwezi wa kumi, aliona nchi iliyovuliwa nguo. Mashamba ya wilaya ya Macon yalikuwa yamepandwa pamba, mwaka baada ya mwaka, bila kupumzika. Sehemu za juu zilikuwa mchanga usioshika maji wala chakula cha mmea. Kwenye miteremko mvua ilikuwa imechimba makorongo, imepeleka udongo mweusi bondeni na kuacha ule mwekundu na mgumu. Wakulima walikuwa wanalima juujuu tu, juu jembe lao lilikuwa dogo na mnyama ni mmoja, mara nyingi amekonda.

Chuo chenyewe hakikuwa na vyombo. Carver na wanafunzi wake walipita kwenye majalala kukusanya chupa, mitungi iliyovunjika, taa za zamani na vipande vya chuma, wakatengeneza navyo maabara. Mwaka 1897 bunge la Alabama lilikubali kituo cha majaribio ya kilimo hapo Tuskegee, na pesa dola 1,500 kwa mwaka. Ilikuwa kidogo sana ukilinganisha na kile kituo cha wazungu cha jimbo lilelile kilipata. Ardhi waliyompa ya kufanyia majaribio ilikuwa mbaya. Kwake hiyo haikuwa hasara: kama jambo linakubali pale, litakubali pia kwa mkulima maskini.

Kuuliza udongo

Sasa, alifanya namna gani? Kwanza aliangalia. Alikuwa anaamka kabla ya jua, anatembea porini na mashambani, anaona majani gani yanaota yenyewe na wapi. Magugu yanasema kitu juu ya udongo, sawa vile wazee wetu pia wanajua: hapa panaota jani hili, maharagi hayatakubali, pale panaota lile, lima bila wasiwasi.

Pili, alijaribu. Aligawa shamba katika vipande, akaweka kitu kimoja tofauti kwa kila kipande: hiki mbolea ya dukani, hiki samadi, hiki majani ya msituni yaliyoozeshwa pamoja na tope jeusi la kinamasi, hiki kunde, na hiki hakuna kitu. Kipande kisichowekwa kitu ndicho chenye maana kubwa, juu bila hicho hujui kama mavuno yametoka kwa mbolea ama kwa mvua nzuri ya mwaka ule.

Tatu, alihesabu. Hakuhesabu mavuno peke yake; alitoa gharama ya mbegu, ya mbolea na ya kazi, ndipo akaangalia kama mkulima amebaki na kitu. Mwanzoni alijaribu sana mbolea za dukani, sawa vile alivyofundishwa Iowa. Lakini aliona kwamba mkulima wa Macon hawezi kuzinunua bila kuingia deni. Ushauri mzuri ambao mtu hawezi kuulipa haumsaidii. Polepole akageukia vitu visivyonunuliwa: majani, samadi, tope la kinamasi, majivu, na mimea ya jamii ya kunde.

Kunde, karanga, na jamaa zao wana kazi ya ajabu kwenye mizizi. Ukizing'oa utaona vinundu vidogo. Ndani yake mnaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Pamba inakula naitrojeni, kunde zinairudisha. Ndiyo maana Carver alihubiri kubadilisha mazao: mwaka huu pamba, mwaka ujao kunde au karanga, kisha viazi vitamu. Aliongeza kulima kwa kina, ili maji yaingie ndani badala ya kukimbia juu, na kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye mteremko.

Tena karanga na kunde zilikuwa na faida ya pili. Familia zile zilikuwa zinakula karibu vitu vitatu tu: unga wa mahindi, nyama ya mafuta ya nguruwe, na sukari guru. Watoto walikuwa wanaugua juu ya kukosa chakula kamili. Zao la kuponya udongo lilikuwa pia la kuponya nyumba.

Vijitabu, na shule yenye magurudumu

Kujua jibu ndani ya kituo haitoshi. Kuanzia mwaka 1898 Carver alianza kutoa vijitabu. Cha kwanza kilieleza namna ya kulisha mifugo kwa mbegu za mwaloni, kitu kilichojaa chini ya miti bure. Cha sita, cha mwaka 1905, kilihusu namna ya kuinua udongo uliochoka. Cha 31, cha mwaka 1916, kilifundisha kulima karanga na njia 105 za kuzitayarisha kwa chakula. Kwa jumla vilifika zaidi ya 40.

Aliviandika akiwafikiria watu watatu: mkulima anayetaka kujua afanye nini, mwalimu wa shule anayetaka kujua kwa sababu gani, na mama wa nyumba anayetaka kujua ataipika namna gani. Maneno yalikuwa mepesi, juu wasomaji wengi walikuwa wamesoma kidogo, na wengine walikuwa wanasomewa na watoto wao.

Pia alifungua mlango wa maabara yake: mkulima alikuwa anaweza kuleta udongo wa shamba lake au maji ya kisima chake yapimwe. Kila mwezi wakulima walikusanyika Tuskegee kuona vipande vya majaribio kwa macho yao, kuuliza, na kubishana.

Lakini wengi hawakuweza kufika. Kwa hiyo mwaka 1906 shule iliwafuata. Carver alichora mpango wa gari, na tajiri mmoja wa New York, Morris K. Jesup, alitoa pesa. Ndiyo maana liliitwa gari la Jesup. Ndani mlikuwa na jembe, mbegu, vyombo vya kutengeneza siagi, na vitu vya kuonyesha. Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule, Thomas Campbell, mwanafunzi wa zamani wa Tuskegee, aliajiriwa na serikali kuliendesha. Alikuwa agronomu mweusi wa kwanza wa serikali ya Marekani wa kuwafuata wakulima mashambani. Gari lilisimama kwa mkulima mmoja, majirani wakaitwa, kazi ikafanywa pale pale, kwenye udongo wao.

Mahali ushauri uligonga ukuta

Tukisimulia hivi, mtu anaweza kufikiri kwamba kila kitu kilibadilika. Hapana. Pamba iliendelea kutawala kwa miaka mingi, na wakulima wengi weusi waliendelea kuwa maskini. Tatizo halikuwa ujinga wao.

Wengi wao hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la bwana mwingine kwa kugawana mavuno. Walikopa mbegu, chakula na nguo dukani, na rehani ilikuwa mavuno yenyewe, kabla hata hayajaota. Mwenye duka na mwenye shamba walitaka pamba, juu pamba haioze na soko lake linajulikana. Mtu akisema mwaka huu nitapanda kunde ili udongo upumzike, alikosa mkopo. Na hata kama angetengeneza udongo kwa miaka mitatu, mwenye shamba alikuwa anaweza kumfukuza mwaka wa nne na kumpa mwingine shamba lililonona.

Carver alijua hayo. Alijaribu kupita katikati: alisema mtu aanze na kipande kidogo, bustani ya nyuma ya nyumba, tope la kinamasi lisilo na mwenyewe. Lakini hakupigana waziwazi na sheria zilizowafunga watu weusi, na wapo waliomlaumu juu ya hilo, wakati wa uhai wake na baadaye. Tena hakuwa msimamizi mzuri. Washington alimgombeza mara nyingi juu ya kuku wa chuo waliokuwa wanakufa na juu ya ripoti zilizochelewa, na Carver mara kadhaa alitishia kuondoka. Hakuondoka.

Jambo lililosukuma mabadiliko kwa nguvu lilikuwa mdudu. Yule mdudu anayetoboa matunda ya pamba aliingia Alabama karibu mwaka 1910 na kuharibu mashamba. Wakati ule hata matajiri walianza kutafuta zao lingine, na karanga ilikuwa tayari inajulikana.

Jina kubwa la karanga

Washington alikufa mwaka 1915. Mwaka 1921 wakulima wa karanga walimpeleka Carver mbele ya kamati ya bunge la Marekani kueleza kwa nini karanga za nje zitozwe ushuru. Walimpa dakika kumi. Baadhi ya wabunge walianza kwa mzaha, kisha wakamwongezea muda tena na tena, yeye akitoa kwenye sanduku lake maziwa ya karanga, rangi, vyakula vya kila aina. Toka siku ile magazeti yakamfanya mtu wa karanga.

Alitengeneza mamia ya vitu kutokana na karanga na viazi vitamu, lakini vichache sana vilifika sokoni, na alichukua hati za uvumbuzi tatu tu maisha yake yote. Sifa ya karanga ilifunika kazi ya udongo. Watu wakakumbuka vitu alivyotoa kwenye karanga, wakasahau kwa nini alitaka karanga ipandwe.

Hakuoa. Aliishi katika vyumba vya chuo, na nguo za zamani, na ua kwenye koti. Akiba yake, karibu dola 60,000, aliiachia mfuko wa utafiti wa kilimo hapo Tuskegee. Alikufa tarehe 5 mwezi wa kwanza mwaka 1943, baada ya kuanguka, akazikwa karibu na Washington. Mwaka uleule serikali ya Marekani iliamua kuhifadhi shamba alikozaliwa mtumwa kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa. Hakuna mtu mweusi mwingine aliyekuwa amepewa heshima ile mbele yake.

Chukua njia, usichukue jibu

Maisha haya yanatuhusu nini, sisi wa milima ya mashariki? Si kwamba tupande karanga juu Carver alipanda karanga. Jibu lake lilikuwa la mchanga wa Macon. Kwetu kuna udongo mweusi wa volkeno karibu na Goma, na kuna udongo mwekundu mkali wenye asidi kwenye milima mingi ya Kivu ya Kusini. Katika udongo wenye asidi nyingi, aluminiamu inaunguza mizizi na fosforasi inafungwa, mmea hauipati. Ukipanda maharagi pale bila chokaa, bila majivu, bila samadi, vile vinundu vya mizizi havitafanya kazi vizuri. Mtu atasema maharagi hayarutubishi udongo, kumbe udongo haukutayarishwa.

Ndiyo maana chombo chochote cha kushauri, kiwe programu ya simu, kiwe agronomu, kiwe karatasi ya maabara, kinapaswa kupita kwenye maswali ya Carver. Je, ushauri huu ulijaribiwa kwenye udongo kama wa kwangu? Nikitoa gharama, ninabaki na kitu? Ninaweza kuujaribu kwenye kipande kidogo, kando ya kipande nisichoweka kitu, kabla ya kuweka shamba lote?

Na kuna swali la nne, ambalo Carver hakuweza kulijibu: shamba ni la nani? Mtu anayelima kwa bwasa kule Bushi, msimu mmoja kwa makubaliano ya mdomo, hataweka chokaa ya miaka mitatu wala kupanda miti ya kushika mteremko kwenye shamba ambalo mwenyewe anaweza kulichukua mwaka ujao. Si kwamba hajui. Simu inaweza kumwambia kilo za chokaa. Haiwezi kumhakikishia kwamba atakuwa bado pale kuvuna faida yake. Hilo linaamuliwa na mwenye shamba, na chifu, na sheria ya ardhi ya nchi. Agronomu anayekuja na mzani wake wa udongo afadhali aulize pia mkataba wa shamba, kabla hajafungua mfuko wa mbolea.